Moyo Uendao Mbio na Kisu Kinachoweza Kungoja

  



Katika Sunan ya Abu Daud imo habari ya Saad bin Abi Waqqas, Mwenyezi Mungu amridhie, siku alipougua. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikwenda kumtazama, akamwekea mkono kifuani mpaka Saad akahisi ubaridi wake moyoni. Kisha akamjulisha kwamba kinachomsumbua ni moyo, akamwelekeza kwa Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif, kwa sababu huyo alikuwa mtu anayetibu. Akataja pia tende saba za Ajwa za Madina, zisagwe pamoja na kokwa zake. Wapo wanazuoni wa hadithi walioisemea sanadi ya habari hii, nami sikuficheni hilo. Lakini maana yake haigongani na chochote kilichothibiti. Tazameni mpangilio wake. Mkono wenye baraka kuliko mikono yote umekwisha kumgusa mgonjwa, na bado mwenye mkono huo anamtuma mgonjwa kwa tabibu.

Saad hakufa kwa maradhi yale. Ndiye aliyeongoza jeshi la Waislamu katika vita vya Qadisiyya wakati wa ukhalifa wa Umar, na katika wale kumi waliobashiriwa Pepo, yeye ndiye wa mwisho kufariki.

Nimeanza na Saad kwa sababu ya swali ninaloulizwa sana, mara nyingi kwa sauti ya chini, baada ya watu kuondoka msikitini. Mtu ana busha, au ngiri, au bi mkubwa ana uvimbe kwenye kizazi. Daktari amesema upasuaji utamfaa, ila si wa haraka. Tarehe imepangwa. Na mtu huyohuyo kwa miezi kadhaa moyo wake unamwenda mbio. Amekaa tu barazani, unadunda. Amepima mara moja au mbili, hakuambiwa sababu. Apande kitandani na kumtegemea Mungu, au aache?

Jibu langu nalitoa mapema, ili anayesinzia asinzie kwa amani. Upasuaji unaoweza kungoja, ungoje mpaka moyo uulizwe. Na moyo ukishaulizwa vya kutosha, hata usipotoa jibu, uamuzi ni wa mgonjwa na madaktari wake, na asitokee mtu wa pembeni akampimia imani yake kwa uamuzi huo.

Wanazuoni wa misingi ya sharia, akina Ghazali na baadaye Shatibi, walizigawa haja za binadamu katika ngazi tatu. Ya kwanza ni dharura, ambayo ikikosekana uhai wenyewe huharibika. Ya pili ni haja, ambayo bila yake mtu huishi lakini kwa dhiki. Ya tatu ni ya kupamba na kukamilisha. Mgawo huu wa kale unafaa wodini leo hii. Ngiri iliyonasa, utumbo ukabanwa, mgonjwa anatapika na uvimbe haurudi ndani, hiyo ni dharura. Hapo hakuna cha kungoja, moyo uende mbio au usiende, na madaktari watapasua na kuuangalia moyo kwa pamoja. Lakini busha ambalo mtu analo kwa miaka, linalomzuia kutembea vizuri na kumtia haya mbele za watu, hilo ni haja. Na kunyoosha pua ni kupamba, na baadhi ya mapambo hayo yana maneno yake ya kisharia ambayo leo siyagusi. Hatari unayoruhusiwa kuibeba kwa ajili ya ngazi ya kwanza huibebi kwa ajili ya ya pili, sembuse ya tatu. Mafakihi wana kanuni mashuhuri kwamba kuzuia madhara hutangulizwa kabla ya kutafuta manufaa.

Nimelitaja busha makusudi. Sisi wa pwani tunalijua. Mbu na minyoo ya matende wamelifanya kuwa jambo la nyumba nyingi. Wazee wetu wamelibeba kwa kunyamaza, na inapotangazwa kwamba timu ya madaktari inakuja kupasua bila malipo, mzee huona mlango umefunguliwa mara moja tu maishani. Siku ya kupimwa, muuguzi anamshika mkono, anaangalia saa, anaandika mapigo 118. Mzee anaambiwa arudi baada ya kuchunguzwa moyo. Anatoka pale amekata tamaa, na nyumbani anapokewa na washauri.

Washauri hao ndio wanaonitia hofu kuliko ugonjwa.

Katika Sunan hiyohiyo ya Abu Daud, Jabir anasimulia kwamba walikuwa safarini, mwenzao mmoja akapigwa na jiwe akapasuka kichwa. Usiku akaota, akapata janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu kwamba hawamuoni na ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume, rehema na amani zimshukie, alighadhibika, akasema maneno mazito juu yao, kwamba wao ndio waliomuua, na kwamba tiba ya asiyejua ni kuuliza. Ndugu zangu, wale walikuwa maswahaba. Nia yao ilikuwa safi, walitaka kulinda swala ya mwenzao. Pamoja na hayo, nia safi haikuwaokoa na lawama ile, kwa sababu walitoa jibu juu ya mwili wa mtu bila elimu.

Leo mwenye moyo uendao mbio anapewa fatwa tatu barazani, na zote hazina elimu. Mmoja anamwambia, huo ni wasiwasi tu, nenda ukapasuliwe, watu wangapi wamepasuliwa wakarudi? Mwingine anamwambia, ukilala pale na moyo huo huamki tena, baba yake fulani alifia mezani. Wa tatu anakuja na jini. Sisemi kusomewa ni vibaya. Ruqya ni sunna, na Qur'ani ni shifaa kwa nafsi ya muumini. Nasema msomaji mwaminifu akisikia mgonjwa anasema moyo unadunda, anazimia, pumzi inakata, atamsomea na kumwambia aende hospitali siku ileile. Anayemzuia mgonjwa asiende kupimwa ili yeye aendelee kumuuzia makombe, huyo inamhusu hadithi ya mwenye kujifanya tabibu naye hajulikani kwa utabibu: akileta madhara, atayadhamini.

Sasa tuseme kidogo juu ya moyo wenyewe, kwa sababu mtu hulinda vizuri zaidi amana anayoifahamu. Mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Ukizidi 100 naye amekaa, hajakimbia wala hana homa, hiyo ni habari inayotaka maelezo. Haina maana kwamba anakufa.

Kwa nini daktari wa usingizi, yule anayetoa nusu kaputi, anaishughulikia habari hiyo kuliko hata daktari mpasuaji? Kwa sababu moyo nao ni nyama inayohitaji damu, na misuli yake, hasa ya upande wa kushoto, hupata sehemu kubwa ya damu yake pale unapolegea kati ya pigo na pigo. Ukipiga 60, kila pigo lina sekunde nzima. Ukipiga 120, lina nusu sekunde, na kinachopunjwa zaidi ni muda wa kulegea. Moyo huo ni kama mama lishe anayepakulia foleni nzima naye akila wima, tonge moja moja. Foleni ikizidi, yeye mwenyewe hapati hata tonge. Sasa mpeleke mtu wa namna hiyo chumba cha upasuaji. Kuna damu itakayotoka. Kuna bomba la kupumulia litakaloingizwa kooni, ambalo peke yake hupandisha mapigo na presha. Akichomwa ganzi ya mgongoni, presha hushuka na moyo hujaribu kuifidia. Mwenye moyo uliotulia anaingia na akiba. Aliyeingia na 120, sehemu ya akiba yake imekwisha kuliwa mlangoni.

Na mbio hizo zina baba wengi. Upungufu wa damu ni mmojawapo, na huyo ndiye naomba mama zetu mumsikilize. Mwenye uvimbe kwenye kizazi akitokwa na damu nyingi kila mwezi, damu yake hupungua, na moyo hulazimika kuizungusha haraka ile kidogo iliyobaki. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa mwanamke asiye mjamzito aliye chini ya gramu 12 kwa desilita ana upungufu wa damu. Wapo wanaotembea na 7 wakidhani ni uchovu wa kazi za nyumbani. Kwa huyu mambo yanageuka: upasuaji uliocheleweshwa kwa sababu ya moyo ndio utakaoondoa kinachoukimbiza moyo. Kwa hiyo haachwi, wala hakimbizwi mezani na 7 yake. Anapewa madini ya chuma, au anaongezewa damu ikibidi, kisha anapasuliwa. Ndiyo maana nasema uliza kwanza. Jibu la mmoja si jibu la mwenzake.

Mwingine ni tezi ya shingo, hasa kwa mwenye rovu. Ikifanya kazi kupita kiasi mtu hukonda na huku anakula, mikono hutetemeka, joto humshinda, jasho humtoka, na moyo hukimbia hata usingizini. Mtu wa hali hii akipasuliwa kabla tezi haijatulizwa kwa dawa, anaweza kupatwa na dhoruba ya homoni ambayo huua. Kipimo chake ni cha damu tu, na dawa zake hutaka wiki kadhaa, tena mtu apimwe upya.

Wa tatu ni vali. Huku kwetu Afrika Mashariki watoto bado wanaugua koo, wanapewa chumvi wasukutue, yanapita. Kwa baadhi yao, maradhi yale ya koo yasiyotibiwa huzaa homa ya viungo na kuacha kovu kwenye vali za moyo, na kovu hilo hujitokeza miaka mingi baadaye, mara nyingi kwa msichana aliyepata mimba yake ya kwanza. Vali iliyobana inataka muda ili damu ipite. Moyo ukikimbia, muda haupo, na maji hujaa mapafuni. Mtu kama huyu akilazwa kwa upasuaji mdogo bila kuchunguzwa, upasuaji haukuwa mdogo kwake.

Halafu wapo ambao hitilafu iko kwenye umeme wa moyo. Mbio zao huanza ghafla na kukatika ghafla, au mapigo huja ovyo bila mpangilio. Hapa kuna jambo linalowapoteza wengi. Kipimo cha umeme wa moyo, ile ECG ya kubandikwa nyaya, huandika sekunde chache tu. Mbio zikiwa zimetulia wakati huo, karatasi itatoka safi, na mtu atarudi nyumbani akisema ameambiwa hana kitu. Hakuambiwa hivyo. Aliambiwa kwamba katika sekunde zile hapakuwa na kitu. Ndiyo sababu kuna kifaa cha kuvaliwa saa 24 au zaidi, mtu akiendelea na shughuli zake, akiswali na kulala nacho. Na kuna EKO, picha ya moyo ukiwa unapiga, ambayo ndiyo inayoonyesha vali.

Vipimo hivi havipo kila kituo cha afya, najua. Lakini njia ya rufaa ipo. Wagonjwa wengi wa moyo walikuwa wakipelekwa India, lakini Tanzania ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili tangu mwaka 2015, na Uganda ina Taasisi yake ya Moyo pale Mulago. Na anayesema elimu hii ya moyo ni ya wengine, si ya Waislamu, haijui historia yake. Aliyeeleza jinsi damu inavyotoka upande wa kulia wa moyo, ikapita mapafuni na kurudi upande wa kushoto, ni Ibn al-Nafis, tabibu aliyefariki Misri mwaka 1288, naye alikuwa fakihi wa madhehebu yetu haya ya Imam Shafi'i. Na katika madhehebu hayo, ndugu zangu, kutafuta tiba ni sunna.

Dada zetu wamenifikishia jambo jingine, na nalisema wazi maana haya ikizidi huua. ECG hubandikwa kifuani. Akiwepo mpimaji mwanamke, muombe huyo, ni haki yako. Asipokuwepo, haja ya tiba inaruhusu kiasi kinachohitajika, na mume au maharimu wako akae nawe ndani. Waume, msiwe ninyi mnaowarudisha wake zenu nyumbani bila kipimo kisha mkaita hiyo wivu wa dini.

Nafika sasa kwenye kosa ambalo ndilo hasa lililonipandisha hapa leo. Ni kuficha.

Mtu akisharudishwa mara moja kwa ajili ya mapigo, mara ya pili huja na hila. Anaazima vidonge vya kushusha mapigo kwa jirani mwenye presha, propranololi au mfano wake, anameza alfajiri, na saa mbili asubuhi muuguzi anaandika 84. Amefurahi. Amemdanganya nani? Sababu iliyoukimbiza moyo iko palepale, imefunikwa shuka. Na kama ana pumu, vidonge hivyo vinaweza kumbana kifua mpaka afe. Hata mikononi mwa madaktari dawa za kundi hili hazichezewi: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2008, wa wagonjwa zaidi ya 8,000 waliopewa dawa ya aina hiyo au kidonge kisicho na dawa kuanzia siku ya upasuaji, ulionyesha kwamba waliopewa dawa walipata mshtuko wa moyo kwa uchache zaidi, lakini waliopatwa na kiharusi na waliofariki walikuwa wengi zaidi. Kwa upande wa pili, aliyeandikiwa dawa hizo na daktari wake kwa muda mrefu asiziache ghafla kwa kuogopa upasuaji, maana kuziacha ghafla kuna hatari yake.

Wengine hawaongezi kitu; wananyamaza tu. Mtu hamwambii daktari kwamba anatafuna mirungi kila jioni, na mirungi hupandisha mapigo na presha. Hamwambii juu ya shisha, wala makopo mawili ya vinywaji vya kuongeza nguvu anayokunywa kabla ya zamu ya usiku, wala dawa ya mafua, wala pampu ya pumu, wala kikombe cha mizizi alichopewa na babu. Anaona aibu. Ndugu yangu, mbele ya daktari wa usingizi hujaja kutangaza dhambi zako. Toba ni baina yako na Mola wako, na milango yake iko wazi. Kwa daktari umekuja kumwelekeza njia mtu utakayemwachia pumzi yako. Saa mbili nzima hutaweza kusema neno, yeye ndiye atakayepumua kwa niaba yako. Ukimpa habari za uongo umemfanyia hiana, na madhara ya hiana hiyo yatakupata wewe kwanza. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Surat al-Baqara, aya ya 195, tusijitupe kwa mikono yetu kwenye maangamizi. Kuficha ugonjwa kwenye fomu ya ridhaa ni mkono wako mwenyewe.

Kwa hiyo anza kujihesabia, na huhitaji chombo. Ukiamka kwa Alfajiri, kabla hujainuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, hesabu dakika moja kamili kwa saa. Andika tarehe na idadi kwenye karatasi, kila siku kwa wiki mbili. Mchana moyo ukianza mbio, kaa, hesabu tena, andika ulikuwa unafanya nini, ulianza ghafla au taratibu, mapigo yalikuwa sawasawa au ovyo. Wako ambao moyo huwatulia wamelala, na wakisimama hupanda mapigo 30 au zaidi ndani ya dakika kumi, kichwa kikawa chepesi. Aghalabu ni vijana, hasa wasichana, na kwa wengine hali hiyo ilianza baada ya kuugua homa ya virusi. Hawa huona giza wakiinuka kutoka sijda. Wajue kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimruhusu Imran bin Husayn aswali amekaa asipoweza kusimama, na asipoweza kukaa aswali kwa ubavu. Karatasi hiyo ya wiki mbili humsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Lakini mtu akizimia, au kifua kikimuuma, au pumzi ikimbana pamoja na mbio hizo, asiandike kitu. Apelekwe hospitali saa ileile, hata kama adhana ya Ijumaa inasomwa. Na mwenye ndugu wa damu aliyefariki ghafla angali kijana, aliseme hilo hata asipoulizwa.

Linabaki swali gumu zaidi. Mtu amepima damu, tezi, umeme wa moyo, EKO, amevaa kile kifaa, na sababu haikuonekana. Wapo, na si wachache. Huyu naye tunamwambiaje?

Kwanza, kutoijua sababu baada ya kutafuta ni tofauti kabisa na kutoijua kwa kutotafuta. Aliyetafuta amekwisha kuondoa mengi yanayoua, na hilo peke yake ni neema. Madaktari wanaweza kumpanga sasa: wampasue kwenye hospitali kubwa badala ya kambi ya siku moja, wachague ganzi ya sehemu pale inapofaa, wamfungie mashine ya kufuatilia moyo tangu mwanzo mpaka aamke. Pili, na hili tusilione dogo, hofu yenyewe hukimbiza moyo. Mtu mwenye hofu hana upungufu wa imani. Musa, amani iwe juu yake, aliingiwa na hofu mbele ya kamba za wachawi, na Qur'ani haikumficha. Dhikri hutuliza hofu, na ni dawa ya kweli ya nyoyo. Haiondoi kovu kwenye vali, ndiyo maana vipimo vimetangulia.

Baada ya hapo, afanye istikhara, rakaa mbili na dua ambayo Jabir amesema walifundishwa jinsi wanavyofundishwa sura ya Qur'ani. Asingoje ndoto. Istikhara haikuwekewa sharti la kuota. Mtu huomba, huendea jambo alilolielekea baada ya kushauriana, na Mwenyezi Mungu humfungulia au humwekea kizuizi.

Akiamua kuahirisha, asiulizwe kama anakimbia kadari. Umar bin al-Khattab alitoka Madina kuelekea Sham, alipofika Sargh akapewa habari ya tauni. Hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina, wakahitilafiana; akawaita Ansari, wakahitilafiana; akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakakubaliana arudi na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza kama anakimbia kadari ya Mungu, na Umar akamjibu kwamba wanatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Kisha akaja Abdurrahman bin Awf na hadithi iliyothibitisha uamuzi ule. Mtu aliyeshauriana kisha akarudi nyuma kwa ushahidi amefuata nyayo za Umar. Na mwenye busha au uvimbe usiomdhuru akiamua kuishi nao moja kwa moja, naye ana kiigizo katika yule mwanamke ambaye Ibn Abbas alimwonyesha Ataa bin Abi Rabah. Alikuwa na kifafa, akahiyarishwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, baina ya kuombewa apone na kusubiri kwa malipo ya Pepo, akachagua kusubiri, akaomba tu asifunuke anapoanguka.

Akiamua kupasuliwa, naye tusimwogopeshe. Alipe madeni anayoweza, aandike wasia wake, ambao muumini anapaswa kuwa nao hata akiwa mzima. Atekeleze masharti ya kukaa na njaa kama alivyoelekezwa, kwa kawaida saa sita bila chakula. Asiletewe uji kwa siri na shangazi mwenye huruma, kwa sababu uji huo unaweza kupanda kooni na kuingia mapafuni akiwa amelala. Na sisi tumwombee kwa jina lake.

Sasa naomba jambo moja kabla hatujasimama. Kila mmoja wetu ana mtu nyumbani anayengoja tarehe ya upasuaji, au aliyerudishwa na amekaa amenuna. Leo baada ya swala nenda kwake, mshike mkono, hesabu naye dakika moja kwa saa. Idadi ikizidi 100 naye amekaa kimya, mwandikie kwenye karatasi, na Jumatatu mpeleke kliniki wewe mwenyewe, karatasi ikiwa mkononi na nauli ikiwa mfukoni mwako. Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, wape madaktari wetu elimu na uaminifu, na uwahifadhi wote watakaolala wiki hii chini ya kisu.